Karani wa Forodha: Maisha ya Shaaban Robert

Sisi wa Bwera twaijua forodha. Siku za soko wengi wetu tumeteremka Mpondwe, tumeyaona malori yamepanga mstari yakingojea kuvuka kwenda Kongo, na tumemwona karani nyuma ya meza yake pamoja na vitabu na mihuri, akiandika magunia ni mangapi, yana nini, ni ya nani, na ushuru wake ni kiasi gani. Nadhani hakuna kati yetu aliyepata kumtazama karani huyo akasema moyoni kwamba huenda huyu ndiye mwandishi mkubwa kupita wote wa lugha yake. Lakini ilipata kutokea hivyo. Haikuwa Mpondwe, ilikuwa Pangani, pwani ya Tanganyika, na karani mwenyewe alikuwa marehemu Shaaban Robert.

Wahariri wa sehemu hii ya Kiswahili waliniomba niandike juu ya namna ya kumsaidia mtoto ajue kutunga. Nilianza mara mbili nikararua karatasi, maana kila nilichoandika kilifanana na ubao wa darasani: mwanzo, kiini, mwisho. Basi nimeona ni afadhali nimsimulie mtu aliyejifunza kutunga bila ya kuwa na mwalimu wa kutunga, kisha akawatungia watoto wake, na hata wanafunzi wasiokuwa wake.

Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Robert ni jina la baba yake. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa alikuja kuitwa baba wa fasihi ya Kiswahili, basi alikuwa mzao wa masheha wa Mombasa au wa Lamu, watu ambao mashairi walinyonya pamoja na maziwa. Haikuwa hivyo. Asili ya ukoo wake ilikuwa Wayao, kabila la kusini, mbali na Tanga. Kiswahili alikikuta mahali alipozaliwa, akakishika, akakipenda, akajihesabu kuwa Mswahili. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu katika darasa langu kila mwaka haikosi sauti ya kusema kwamba Kiswahili si chetu, sisi ni Wakonzo, lugha hii waachiwe wenyewe. Wenyewe ni nani? Mtu aliyeandika vitabu vyake vikajaa rafu nzima angeweza kusema maneno hayo hayo akaenda zake kulala.

Elimu yake ya shule haikuwa ndefu. Alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hata mwaka 1926, akashika nafasi ya pili kati ya watahiniwa 11 waliopata hati ya kumaliza masomo. Baada ya hapo hakuingia tena darasani. Hapakuwa na chuo kikuu katika Tanganyika, na mwana wa Kiafrika aliyejua kusoma na kuandika alikuwa akitazamiwa kwenda kuwa karani. Akawa karani. Mwaka huo huo wa 1926 aliingia katika kazi ya forodha, akaishika miaka 18, mpaka mwaka 1944, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa Pangani.

Pangani ni mji wa kale, upo pale mto unapoingia baharini. Majahazi huingia na kutoka kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Karani wa forodha hana budi kungoja maji, na mtu anayengoja maji ana nafasi ya kufikiri. Sisemi kwamba kazi ilikuwa rahisi. Mshahara wa karani Mwafrika ulikuwa mdogo, na juu yake walikaa wakubwa wa Kizungu ambao hawakuhitaji kujua anafikiri nini. Lakini kazi ile ilimfundisha jambo moja ambalo mtungaji yeyote hulihitaji, nalo ni kuandika kila siku, apende asipende, na kutaja kitu kwa jina lake hasa. Mzigo wa nazi ni nazi, hauandikwi matunda. Mwanafunzi anayeandika kwamba alikwenda mahali fulani akaona vitu vingi vizuri angefukuzwa forodhani siku ya kwanza.

Zamani hizo kulikuwako gazeti lililoitwa Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali Dar es Salaam mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la kila mwezi, nalo lilisomwa na walimu, makarani na wanafunzi toka pwani hata bara. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wa mashairi, na ukurasa huo ulikuwa kama uwanja. Mtu wa Tanga akiuliza fumbo kwa shairi, mtu wa mji mwingine alimjibu kwa shairi, kwa vina vile vile, na wa tatu akaingia kuwaamua. Shaaban Robert aliingia uwanjani humo akiwa kijana. Hapo ndipo ilipokuwa shule yake ya pili, na hapo waalimu wake walikuwa wasomaji. Mtu akikosea mizani, alijibiwa. Lakini alijibiwa kwa shairi, yaani alijibiwa kama mshairi.

Hapa yanipasa niungame jambo langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nyingine, niliwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza insha ya kujichagulia. Kijana mmoja aliandika kurasa tatu juu ya bibi yake, namna alivyokuwa akichukua chumvi ya Katwe kichwani na kupanda nayo milimani kubadilishana na mihogo. Ngeli zake zilikuwa zimevurugika vibaya, maana Kikonzo kilikuwa kikimvuta huku na Kiingereza kule. Nilichukua wino mwekundu nikasahihisha kila kosa, nikayahesabu, nikaandika jumla yake chini, na alama yake pembeni. Juu ya bibi sikuandika neno hata moja. Toka siku hiyo kijana yule aliandika nusu ukurasa tu kila mara, sentensi fupi fupi zisizo na kosa wala kitu chochote ndani yake. Nilifanya kazi ya kuhesabu magunia, nikasahau kuuliza yamebeba nini. Nilipokuja kusoma habari za Mambo Leo na wale washairi waliokuwa wakijibizana, nilimkumbuka kijana huyo.

Turudi kwa marehemu Shaaban. Pamoja na mashairi aliandika barua. Alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, na kwa miaka mingi aliandikiana naye. Barua hizo zilihifadhiwa, na mwaka 2002 zilichapishwa Dar es Salaam, za tangu mwaka 1931 hata mwaka 1958. Hesabu miaka hiyo: ni 27. Ndani ya barua hizo mna habari za nyumbani, fedha, maradhi, miswada ya vitabu na matumaini yake. Mtu asiyekuwa na mwalimu alijipatia msomaji mmoja, naye alimtosha. Na lililo zuri zaidi ni kwamba mdogo mtu naye akawa mwandishi. Yusuf Ulenge ndiye aliyetoa kitabu cha hadithi kiitwacho Nguzo ya Maji, ambacho vijana wengi wa shule za Afrika Mashariki walikisoma. Kama mtu angependa kujua namna ya kumfanya mtoto aandike, ajaribu njia hii: amwandikie barua, kisha angoje jibu.

Mke wake wa kwanza aliitwa Amina. Kifo chake kilimuumiza sana, na shairi alilomtungia ni kati ya mashairi yake yanayojulikana zaidi. Lakini kwa shabaha ya makala haya ninataka kutaja tungo mbili nyingine. Shaaban alikuwa na binti, jina lake Mwanjaa, na mwana wa kiume, Suleiman. Kwa Mwanjaa alitunga Utenzi wa Hati, na kwa Suleiman alitunga Utenzi wa Adili. Zote mbili zimo katika kitabu chake cha Maisha Yangu. Ni tenzi za mafunzo, za baba kumwusia mwanawe juu ya dini, tabia, kazi na kuishi na watu. Desturi hiyo ni ya kale pwani. Mama mmoja wa Pate, Mwana Kupona, alimtungia binti yake utenzi namna hiyo katika karne ya 19, na bila shaka Shaaban aliujua.

Wapo wasemao kwamba tenzi hizo ni ngumu kwa mtoto, kwamba maneno yake ni mazito. Ni kweli ni mazito. Lakini fikiri namna mtoto anavyojisikia akijua kwamba baba yake, karani anayerudi nyumbani jioni amechoka, ameketi na taa akamtungia yeye beti nyingi zenye jina lake ndani. Mtoto huyo hataona kwamba kuandika ni kazi ya shule tu. Ataona ni jambo ambalo watu wanaopendana hufanyiana.

Mwaka 1944 aliacha forodha akahamia idara ya wanyama, akakaa bara kwa muda. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya jimbo, na tangu mwaka 1952 hata mwaka 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji. Alikuwa karani siku zote. Vitabu vyote mnavyovijua viliandikwa na mtu aliyekuwa na saa za kazi za kutimiza asubuhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mashairi yake ya Pambo la Lugha yalipigwa chapa, si Tanga wala Dar es Salaam, bali Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1951 kilitoka Kusadikika. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanakijua, lakini kwa ajili ya wadogo nitakieleza kidogo. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Mtu mmoja, Karama, ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwa anataka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, naye anajitetea kwa kusimulia hadithi za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini, ili walete habari za manufaa. Kila mmoja aliporudi na elimu yake, serikali ya Kusadikika ilimtia gerezani. Mwishoni Karama anashinda.

Sasa kumbuka mwandishi ni nani. Ni karani wa serikali ya Kiingereza, katika nchi inayotawaliwa na Waingereza. Kama angeandika wazi kwamba watawala huwafunga watu wenye mawazo mapya, kitabu kisingetoka, na huenda kazi ingemponyoka. Akaiweka nchi yake angani. Wanafunzi wangu huniuliza kubuni kuna faida gani, kwa nini wasiandike mambo ya kweli tu. Huwapa Kusadikika. Kubuni kulimpa nafasi ya kusema jambo la kweli ambalo lisingesemeka kwa njia nyingine.

Mwaka uliofuata, 1952, kilitoka Adili na Nduguze. Asili ya hadithi hiyo imo katika hadithi za Kiarabu za Alfu Lela U Lela. Shaaban hakuifasiri neno kwa neno. Aliichukua, akawapa watu majina mapya, akaigeuza njia kadiri alivyotaka, na ikawa yake. Adili ana ndugu wawili waliogeuzwa nyani kwa sababu ya husuda, naye anaamriwa kuwapiga kila usiku ingawa anawapenda. Mtu akikisoma hawezi kusahau jinsi Adili alivyokuwa akilia wakati wa kupiga.

Nimelisema hili kwa ajili ya wale wanaokaa na karatasi tupu wakidai hawana la kuandika. Huku kwetu, katika nyumba za Kyarumba, Kisinga, Ihandiro na Karambi, hadithi ni nyingi kuliko mawe ya mto. Wazee huzisimulia jikoni jioni, wakati mahindi yakichomwa. Ichukue moja. Ibadilishe majina. Mfanye sungura awe dereva wa bodaboda ikibidi. Hakuna atakayekushtaki kwa wizi, maana hata mkubwa wa waandishi alifanya hivyo. Na katika upande wetu huu wa zamani wa Toro aliwahi kuwapo mwalimu Timothy Bazarrabusa, ambaye baadaye alikuwa balozi wa kwanza wa Uganda huko London, aliyeandika kwa Kitoro hadithi iitwayo Ha Munwa gw'Ekituuro. Alikuwa mwalimu kama sisi, na wanafunzi wake walikuwa watoto kama ninyi.

Mwaka 1954 marehemu alitoa kitabu ambacho leo hutajwa mara chache, Kielezo cha Insha. Jina lake lenyewe laeleza kazi yake. Shaaban Robert, ambaye hakupata mwalimu wa insha, aliketi akaandika insha za mfano ili wengine wazione. Hakuanza na kanuni. Alianza na kitu kilichokwisha kutengenezwa. Fundi seremala wa Bwera hamfundishi kijana kwa kumwambia kiti ni nini. Humwonyesha kiti.

Nitapita upesi katika mengine. Alifasiri Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyeanza maisha yake akiuza vyungu kijijini, akawa sauti iliyojulikana pwani nzima na hata Bombay, ambako sahani zake za santuri zilirekodiwa. Wasifu huo ulitoka mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Alipewa nishani mbili tatu na wakubwa wa wakati huo. Alikuwa pia mmoja wa wajumbe wa Kamati hiyo ya Kiswahili.

Kamati hiyo nisingeitaja, ila kuna jambo lituhusulo. Katika miaka ya 1950 makao yake hayakuwa Dar es Salaam wala Mombasa. Yalikuwa Makerere, hapa Uganda. Wakati ule ule ambapo Waganda wengi walikuwa wakikikataa Kiswahili kwa kukiona ni lugha ya askari na ya wachukuzi, karatasi za lugha hiyo zilikuwa zikipangwa Kampala. Na huku kwetu, mwaka 1956, reli ilifika Kasese na mgodi wa shaba wa Kilembe ukafunguliwa. Watu walikuja kutoka pande zote kufanya kazi: Wakonzo, Watoro, Wakiga, Wajaluo, Wakongo. Waliposhuka chini ya mlima pamoja walihitaji lugha moja, nayo mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Mgodi ulikwisha kusimama, lakini lugha imebaki sokoni Mpondwe, ambako Mkonzo na Mnande wa ng'ambo ya mto Lhubiriha huanza kwa lugha yao iliyo karibu moja, kisha bei ikipanda huhamia Kiswahili. Sasa lugha hiyo imeingia katika mitaala ya shule zetu, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua iwe lugha rasmi. Basi yule asemaye si chetu, na aende sokoni Ijumaa akanunue nguo bila hicho.

Lakini isidhaniwe kwamba njia ya marehemu ilikuwa nyororo. Wachapaji walikuwa mbali, na wao ndio waliochagua kitoke kipi na lini. Miswada ilikaa miaka. Kufikirika aliiandika mwaka 1946, nayo ilitolewa mwaka 1967. Ni kisa cha nchi nyingine ya kubuni, ambayo mfalme wake hana mtoto, na baadaye mna mafundisho marefu juu ya namna ya kumlea na kumsomesha mwana huyo akishapatikana. Ningependa kila mwalimu akisome, hasa wale wanaoamini kwamba mtoto ni chombo cha kumiminia maneno. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Mwenyewe hakuviona.

Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba, 1961. Aliishi kuiona siku hiyo, kisha miezi sita tu. Alifariki Juni, 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao Vibambani. Uganda ilikuwa bado miezi minne kufikia uhuru wake. Baada ya kifo chake jina lilikua kuliko lilivyopata kuwa wakati wa uhai: shule na barabara zikaitwa kwa jina lake, na vitabu vikawekwa katika mitihani ya Tanzania, Kenya, na sasa kwetu.

Muhula huu nimewaambia wanafunzi wa kidato cha kwanza kila mmoja amwandikie barua ndugu yake mmoja, wa kweli, mwenye mahali pa kukaa, iwe Kilembe au Kampala au Butembo, na barua hizo zitatiwa posta au zitachukuliwa kwa mkono. Sitazisahihisha kwa wino mwekundu. Majibu yakija, yule atakayependa ataweza kuyasoma mbele ya darasa. Mpaka ninapoandika haya yamefika matatu, na moja limetoka kwa shangazi ambaye amejibu kwa Kikonzo kurasa mbili, akimuuliza mtoto kwa nini hakueleza habari ya ng'ombe.

Kusadikika ipo nakala moja tu katika maktaba yetu, na jalada lake limetoka. Adili na Nduguze zipo mbili. Aliyechukua nakala ya tatu mwezi wa Februari anaombwa airudishe kwa msimamizi wa maktaba kabla ya kufunga shule, maana orodha ya wanaoingojea imefika majina 14.